Pweza wa Vathirema Amekalia Mtungi Wangu

Kwa Mkuu wa Hifadhi ya Bahari,

Mheshimiwa Mama,

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA GHUBA YA VATHIREMA, AU ANGALAU KAMBA MOJA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kikavu. Mimi naandika nimelowa, ukiona wino umetambaa usidhani ni machozi.

Mlibandika tangazo kwenye mlango wa shule kwamba ghuba yetu, mliyotukataza kuvua tangu mwaka jana, mtaamua Jumapili ijayo kama ibaki imefungwa au ifunguliwe. Mwenye la kusema aandike. Mimi ni Stamatis Kouvaras, mwenye mkahawa wa gatini, mume wa Anezina, na mwindaji bora wa pweza kisiwani, kwa ushahidi wangu mwenyewe. Ninalo la kusema, tena nimelipanga kwa namba ili lisikupotee.

1. Samaki wenu hawana adabu. Zamani nikivaa miwani ya mbizi na kuingiza tumbo langu majini, ghuba nzima ilikimbia. Nilijiona mwanamume. Siku hizi chewa mmoja, mkubwa kama mto wa kitanda, hutoka pangoni akanikagua kuanzia unyayo hadi kipara kama afisa wa forodha aliyeshuku sanduku. Wale wadogo wenye mistari ya dhahabu hunidonoa vinyweleo vya miguu. Mke wangu aliyaona hayo akiwa juu ya mwamba, akapaza sauti pwani yote isikie: "Wee Stamatis! Wanakutafuna au wanakubusu?" Naomba samaki waamriwe kunikimbia, hata kama ni Jumapili tu, Anezina akiwepo.

2. Pweza amevamia mali yangu. Unajua desturi yetu: unashusha mtungi wa udongo kwa kamba, pweza anauona chumba kizuri, anahamia, unavuta. Wa kwangu niliushusha siku chache kabla ya katazo lenu. Pweza akahamia, sheria ikaingia, mimi nikabaki nimeshika kamba. Mpaka leo imefungwa kwenye mwamba, na mpangaji yumo ndani.

Sasa nisikilize vizuri, Mama. Kisiwani kwetu nyumba huenda kwa binti. Nyumba ninayolala ni ya Anezina, alipewa na mama yake, Bibi Sevasti, ambaye naye alipewa na wake. Mimi huingia kwa kufuta miguu. Kitu pekee chenye paa nilichowahi kukiita changu duniani ni ule mtungi. Na huyo pweza, nasikia, ni jike.

3. Amenishambulia. Nilikwenda kumtazama tu, mikono nyuma kama mgeni wa makumbusho, kama kanuni zenu zinavyotaka. Akatoa mkono mmoja, polepole, kama mtu anayepokea kikombe cha kahawa, akaushika mrija wangu wa kupumulia, akauchomoa mdomoni. Nilikunywa nusu ya bahari. Nilipozinduka niliukuta mrija umewekwa mlangoni pake, umepangwa pamoja na kome na mawe, kama pambo. Siruhusiwi kuuchukua kwa kuwa, kwa mujibu wa tangazo lenu, hakuna kuondoa kitu chochote chini ya maji. Nimeisoma sheria hiyo mara nyingi. Haisemi lolote kuhusu pweza kuondoa vitu juu ya maji.

4. Mtaalamu wenu, Daktari Myrsini, ameharibu mfungo. Hili ndilo zito. Katika mfungo huu wa Agosti, kabla ya sikukuu ya Mama Mtakatifu, hatuli nyama wala samaki. Pweza tunakula, kwa sababu hana damu. Mababu walisema hivyo, nasi hatukuwahi kumuuliza pweza. Baada ya ibada, uani kwa kanisa, mama mkwe akamuuliza daktari, kwa kujifurahisha tu:

"Binti yangu, eti mnyama huyu hana damu, sivyo?"

"Anayo, bibi. Ya buluu. Na mioyo mitatu."

"Mitatu!" Bibi Sevasti akanigeukia. "Mkwe wangu anao mmoja, na huo hajautumia."

Wanawake wakamzunguka Padri Savvas. Maskini padri, ambaye jana yake tu alikula pweza wa kuchoma, aliyevuliwa nje ya mpaka wenu, mkahawani kwangu na kulamba vidole, akasema atamwandikia askofu. "Na mpaka askofu ajibu, tule nini, Baba?" Akasema maharage. Mheshimiwa, kijiji kizima sasa kinakula maharage, asubuhi na jioni, na kanisa letu ni dogo, lina dirisha moja. Ubani umezidiwa.

5. Mkahawa wangu umepoteza heshima. Wazee waliokuwa wakibishana nani aliwahi kumpigapiga pweza mkubwa zaidi mwambani hadi akalainika, sasa huingia wakiuliza, "Mpangaji wako ameamkaje?" Mwamba wenyewe Anezina anaanikia mazulia.

Kwa hiyo, naomba ghuba ifunguliwe. Kama hilo ni gumu, naomba ruhusa ya kuvuta kamba moja tu, yangu. Suala la damu lisiwatatize: kama pweza hana damu, tumle leo, kama anayo, tumle siku yenyewe ya sikukuu. Kwa vyovyote analika. Na kama hata hilo halikubaliki, basi mpeni huyo pweza hati ya nyumba, yenye muhuri, ili niweze kumshitaki kama jirani yeyote mwingine.

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule kijana wa boti ya doria ambaye hunipungia mkono kila nikiwa katikati ya kuzama. Anezina anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu na kuuliza kama maharage yana damu.

Wako mtiifu, mwenye mchanga masikioni,

Stamatis Kouvaras

N.B. Barua nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena. Asubuhi hii nilikwenda kuukagua ule mtungi, nijue nitauvuta vipi. Amejifungia kwa mawe, amebakiza tundu la jicho. Ndani, darini, zinaning'inia nyuzi nyeupe, punje kwa punje, kama mchele uliotungwa na mtu mwenye subira. Alikuwa anazipulizia maji, taratibu, bila kuniangalia. Amekonda, rangi imemtoka. Nilimpelekea kaa, niliyemkamata nje ya mpaka wa hifadhi, nathibitisha. Akamsukuma nje. Daktari Myrsini anasema hatakula tena mpaka mayai hayo yatakapoanguliwa, na kisha hatakuwepo.

Nimemweleza mama mkwe. Aliweka chini sahani yake ya maharage, akasema, "Kamba hiyo, Stamatis. Mtu akipita akaivuta?"

Nimeikata.

Jumapili, tafadhali, jina langu liandikeni kwa wale wanaotaka ghuba ibaki imefungwa. Mtungi uende kwa mabinti zake, kama ilivyo desturi. Na mrija wangu wabaki nao. Nyumba haikabidhiwi bila chombo hata kimoja.