Faili la Siku Ambayo Haijafika

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Ushindi! Niuandike ungali moto.

Saa nne asubuhi nilipita kwa Delphine, nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Hewa Bora. Anaoka keki za ndoa. Mizani yake ndogo ya kupimia unga ilikuwa imezimika. Betri. Alisema hakuna shida, Liévin atamletea nyingine Jumatatu. Liévin ana kibanda cha kutengeneza simu kule mtaa wa Kenya, humu humu mjini, paneli ya sola na meno mazuri. Nikasema Jumatatu ni mbali. Nipe nusu saa.

Nyumbani nilifungua tumbo la kompyuta yangu ya mezani. Humo ndani, katikati ya vumbi, kuna betri ya duara kama kifungo cha koti. Haiwaki. Haizunguki. Haitoi sauti. Niliichunguza dakika tatu na kuthibitisha kwamba haina kazi yoyote. Nikaing'oa kwa ncha ya kisu. Saa nne na dakika ishirini na nane mizani iliwaka. Delphine akasema, "Eh, ba Guelord, kumbe uko muntu wa kazi!"

Muntu wa kazi.

Baba yake, Papa Anaclet, alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Aliendesha treni miaka thelathini na mmoja kwenye njia ya kaskazini. Sasa nyonga haimruhusu hata kuvuka ua. Jumapili ya tarehe 14 anatimiza miaka themanini, na mimi nimeahidi mbele ya mashahidi kwamba siku hiyo atashika tena usukani. Treni haina usukani, alinisahihisha. Sawa. Ataendesha, ndani ya kompyuta yangu, mpaka Kilometa 214. Nina mchezo wa treni. Nina pia Atelier, programu inayokuruhusu kuongeza kwenye mchezo huo reli zako mwenyewe, vituo vyako, nyasi zako. Nimeifanyia kazi njia hiyo miezi mitano. Zimebaki kilometa nne.

Kilometa 214 haina jina. Nyumba mbili na tangi la maji. Marehemu mke wake aliishi hapo akiwa msichana. Enzi hizo, kitenge chekundu kikianikwa kwenye kamba, maana yake yuko nyumbani, na dereva anapiga honi mbili fupi. Kama hakuna kitenge, anapita kimya. Papa Anaclet aliniambia haya bila kubadilisha sauti, kama anayesoma ratiba. Kitenge bado sijakianika.

Jumapili, 7 Septemba

Umeme ulikatika jana saa kumi na moja jioni, ukarudi leo baada ya misa. Kompyuta iliniomba nibonyeze F1. Haijawahi kuniomba kitu. Nikabonyeza.

Kwenye pembe ya skrini: Alhamisi, tarehe mosi Januari 2009. Nilikaa nikaitazama tarehe hiyo kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limelala mezani, vumbi la Septemba likielea juu yake polepole, bila safari yoyote. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na nywele. Sikuona sababu ya kuisahihisha.

Nikafungua Atelier. Ikakataa faili langu! Iliandika kwa Kifaransa kwamba haiwezi kulifungua kwa sababu linatoka tarehe ambayo bado haijafika.

Nilisoma mara nne. Kazi yangu ni kusoma matangazo ya vifo kwenye redio ya mtaa, sikosei kusoma. Kazi yangu inatoka siku zijazo. Nimekuwa nikihisi hivyo.

Yaya Albertine, dada yangu ambaye ninaishi kwake, aliuliza kama niligusa kitu. Nikasema hapana. Aliuliza kama ni hapana au ni hapana yangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Niliondoa Atelier yote na kuiweka upya kutoka kwenye flashi. Kwanza F1. Kisha tarehe mosi Januari 2009, siku tulivu kama kawaida. Atelier ilifunguka vizuri, ikaliona faili langu, ikasema linatoka tarehe ambayo haijafika.

Niliondoa antivirusi. Vilevile.

Nilibadilisha waya wa skrini. Vilevile.

Nilifikiri kwa utaratibu. Mwezi wa sita Liévin aliniazima flashi. Aliniazima kwa tabasamu! Mtu anayetaka kuharibu kazi ya mwenzake miezi mitatu kabla ya sherehe angefanya hivyohivyo.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango mpya. Sitengenezi, ninaanza upya. Si miezi mitano ya kazi, ni kilometa kumi na nne tu, kutoka 200 hadi 214. Nilimpigia mkuu wa redio na kusema nina homa. Alisema leo hakuna aliyekufa, nipumzike.

Nimefanya kazi tangu saa moja asubuhi. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nilinyoosha reli, nikapanda nyasi, nikasimamisha vichuguu virefu vyekundu kimoja kimoja, kila kimoja na kivuli chake. Ndani ya Atelier nimeweka iwe saa tisa alasiri, na saa tisa hiyo haiishi. Wakati fulani nilisahau kwamba nina mgongo. Nilikuwa nimesimama kando ya reli, kumetulia, na kwa mbali kulikuwa na kitu kinachokuja ambacho hakina haraka.

Saa tisa na dakika arobaini nilihifadhi. Saa tisa na dakika arobaini na mbili umeme ukakatika. Dakika mbili! Nilicheka peke yangu. Mtu mwingine angepoteza yote.

Jumatano, 10 Septemba

Faili la jana pia linatoka siku zijazo.

Alhamisi, 11 Septemba

Upelelezi. Nilichukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kenya, nikasimama mbele ya kibanda cha Liévin kama mteja wa kawaida anayetafuta kava ya simu. Nilivaa kofia. Alisema, "Karibu, ba Guelord, kofia iko muzuri." Nikauliza kava. Akauliza ya simu gani. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

Nilikagua meza yake. Bisibisi kumi na moja. Hakuna faili langu. Aliniambia Delphine amemwambia mashine yangu inasumbua, na kwamba mzee hasemi kitu kingine wiki nzima ila Jumapili. Alisema anaweza kupita kuangalia. Nikamshukuru na kusema matatizo ya kazi za kiwango changu hutatuliwa na mwenye kazi.

Nimerudi na kava ya simu ambayo sina.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango wa akiba. Papa Anaclet atafumba macho. Mimi nitakaa nyuma ya pazia na maikrofoni ya redio na kumsimulia njia nzima, kilometa kwa kilometa. Sauti yangu inajulikana mji mzima.

Nilifanya mazoezi mbele ya Yaya Albertine. Nilianza: abiria wote, jamaa na marafiki, mnaarifiwa kwamba treni imeondoka. Alinikatisha. "Guelord, unaniua nayo hiyo treni. Bantu watatafuta sanduku ya maiti iko wapi." Aliuliza kwa nini simwiti Liévin. Nilimweleza juu ya flashi ya mwezi wa sita. Alirudi kwenye mboga zake.

Saa kumi Delphine alipita. Alikaa kidogo, hakuwa na haraka, ana unga kwenye nywele. Alisema baba yake ametoa kofia ya kazi sandukuni na ameinyoosha kwa pasi yeye mwenyewe, akiwa amekaa. Hajashika pasi tangu mama afe. Kisha akasema, "Ba Guelord, kama haiwezekane, useme leo. Usimuvunje roho siku ile."

Nikasema inawezekana. Sijui ni nani aliyesema. Ilitoka kwa sauti yangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwita Liévin. Nilimwambia ni ukaguzi wa kawaida.

Alikuja na mkoba. Aliwasha, akaona F1, akaona tarehe mosi Januari 2009, akanitazama. "Na hii date, hauiyone?" Nikasema ninaiona kila siku. Akazima, akafungua tumbo la mashine, akainama na tochi. Kisha: "Na pile iko wapi?"

Pile ipi?

Betri ya duara, alisema. Ndiyo inayoishikia kompyuta saa yake umeme ukikatika. Bila hiyo inasahau, inarudi siku iliyozaliwa, na kila ulichohifadhi jana inakiona ni cha kesho. Akamulika kitundu kitupu chenye alama ya ncha ya kisu. Mtu ameing'oa, alisema. Nikasema mtaa huu una wezi wa ajabu.

Alitoa betri mpya mfukoni mwake. Ileile aliyokuwa amemnunulia Delphine, alisema, lakini Jumatatu alikuta mizani imepona, hajui namna gani. Nilitazama nje. Akaweka betri, akasahihisha tarehe, akapuliza vumbi. Atelier ikafungua faili langu la miezi mitano kama vile hatujawahi kugombana.

Kwa hiyo lilikuwa vumbi. Nilishuku tangu mwanzo. Maelezo ya betri yalikuwa marefu mno. Mtu mwenye meno kama yale hupenda kueleza.

Nilimaliza kilometa nne kufikia saa kumi na mbili jioni. Kitenge nilikianika mwisho. Nikaongeza upepo kidogo.

Jumapili, 14 Septemba

Umeme ulikatika saa saba, wageni wakiwa wamekaa uani kwa Delphine na kompyuta yangu ikiwa imeshahamishiwa huko. Liévin alikuwa ameleta paneli na betri yake kubwa bila kuambiwa. Namna yake ya kujionyesha.

Papa Anaclet alikaa mbele ya skrini na kofia yake. Alianzia kilometa 200, mwendo wa arobaini kwa saa. Dakika ishirini na moja. Watu kumi na saba uani. Nyasi zilipita. Vichuguu vilipita. Saa tisa yangu ilikuwa palepale juu ya reli. Mzee alikuwa na mkono mmoja kwenye kibodi na mwingine hewani, umeshika kitu ambacho sikukijenga.

Kwenye 213 alianza kupunguza. Sikuwa nimeweka kituo. Zikatokea nyumba mbili, tangi, kamba. Kitenge chekundu kilikuwa kinatikisika.

Honi. Fupi. Fupi.

Treni ilisimama dakika sita. Hakuna kilichotokea. Delphine alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, na kofia ilitetemeka kidogo, na upepo uliendelea kwa sababu niliuweka.

Kisha Papa Anaclet akasema, "Wee mutoto wa radio. Tangi iko kushoto. Kushoto! Uliiweka kuume."

Wakapiga makofi. Nikapewa kipande cha kwanza cha keki. Delphine aliweka mkono kwenye bega la Liévin kwa sekunde nne. Ninaamini alikuwa anashikilia asianguke. Ua una mawe.

Jumatatu, 15 Septemba

Papa Anaclet ametuma ujumbe. Mdogo wake, Mumba, naye dereva wa zamani wa njia ileile, anafika Alhamisi kutoka Kamina. Akiona tangi liko kulia atacheka mpaka Krismasi. Lihamie kushoto kabla ya Alhamisi. Nikajibu: dakika kumi.

Nikiwa njiani kupeleka jibu hilo nilimkuta Delphine amesimama mbele ya mizani yake na mikono kiunoni. Imezimika tena. Betri niliyompa ilikuwa ya zamani, imedumu siku tisa. Ana keki ya ghorofa tatu ya kupima leo. Liévin amekwenda Kinsevere, anatengeneza simu za wafanyakazi wa mgodi, atarudi Ijumaa.

Ijumaa ni mbali. Nipe nusu saa.

Ile ya tumboni mwa kompyuta ilikuwa inang'aa, mpya kabisa. Haiwaki. Haizunguki. Nilitumia kisu kilekile. Dakika ishirini na mbili kwenda na kurudi, rekodi yangu. Delphine akacheka, akasema, "Kweli, ba Guelord, huyu ni muntu!"

Umeme ulikatika saa nane, ukarudi saa kumi. F1. Nikabonyeza. Alhamisi, tarehe mosi Januari 2009. Jua limelala mezani, vumbi linaelea, nina nywele.

Nimefungua Atelier nihamishe tangi. Faili linatoka tarehe ambayo haijafika.

Nimepuliza vumbi mara tatu. Haisaidii. Sitaki kumsingizia mtu, lakini wa mwisho kutia mkono ndani ya mashine hii, Jumamosi, mbele ya macho yangu, ni Liévin. Akirudi nitamuuliza, kwa upole, alichukua nini humo ndani.