Mixte, Neno Hilo Nalijua

Jumatatu, 6 Oktoba 2003
Barua imefika kutoka Uvira! Shirika la michezo linataka Baraka, Fizi na Bibokoboko tushirikiane: kamati moja, timu moja, mipira sita, jezi za wote. Sharti ni moja: équipe mixte. Neno hilo nalijua. Ni kuchanganya watu wa ziwani na watu wa mlimani. Afadhali, maana Baraka tumebaki wachezaji saba. Wengine wamevukia Tanzania, wengine wako msituni na bunduki. Tusipofika kumi na mmoja shirika litakapokuja kututazama Jumapili, timu imekufa. Na timu ikifa, mimi prezida wa nini? Bonaventure, mwalimu wa Fizi, naye anautaka uprezida wa kamati mpya. Ana miwani. Mimi nina kiti chenye mikono.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemwandikia Pasta Gisaro wa Bibokoboko, kule mlimani, anitumie vijana wanne. Mke wangu Espérance ameuliza nani atapanda na barua, maana tangu vita watu wetu wanaogopa njia ile. Nikamjibu prezida habebi barua. Akaenda nayo sokoni, akawapa akina mama wa mlimani. Kumbe wanabadilishana maziwa yao na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kila wiki, mwaka mzima! Hakuna aliyeniambia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Gisaro amekubali. Anauliza tu kama tutapanda kwao kwa marudiano, na nani atasimamia usalama njiani. Nimejibu: mimi binafsi nitatangulia, kwa miguu yangu. Sahihi mbili na muhuri. (Muhuri ni wa chama cha wavuvi.) Jioni nimemkuta Bonaventure kisimani akinong'ona na Espérance, orodha mkononi. Anataka apikiwe maharage ya kuwahonga wapiga kura! Nimemkataza mke wangu kumpikia. Ameitikia haraka mno.

Jumamosi, 11 Oktoba
Wameshuka wanne, na kibuyu cha maziwa. Mazoezi. Mwanzoni hakuna aliyempa mgeni mpira. Fabien wetu, ambaye nyumba yake iliungua vitani, hajamsalimu mtu wa mlimani miaka mitano. Muhoza wa Bibokoboko akampenyezea pasi safi. Fabien akafunga. Akasimama pale pale. Kisha akamwendea Muhoza, akamwambia: "We, ingine unipe ku muguu ya kushoto." Basi, wakaendelea. Nimelia kidogo. Tuko kumi na mmoja! Siwezi hata kukaa kitako.

Jumapili, 12 Oktoba
Mama Immaculée wa shirika amefika. Akaitazama timu yangu, akauliza: "Prezida, bamama bako wapi?"
Nikamwambia wanapika. Bonaventure akakohoa, akatoa orodha yake.
Mama Immaculée akasema: "Mixte ni banaume na banamuke, Papa Anatole. Sawa vile ku masomo."
Mimi mwenyewe nimesoma shule mixte miaka sita! Wakaingia uwanjani akina mama wa soko, wa ziwani, wa Fizi na wa mlimani, vitenge vimekazwa kiunoni. Golikipa: mke wangu. Watu walijaa, na kabla ya jua kuzama thelathini na wawili walikuwa wamejiandikisha kucheza. Ikaja kura ya prezida, ya kuinua mikono. Walipomtaja Espérance nikainua mkono kupinga. Wakauhesabu kuwa kura yake, naye akashinda.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kesho marudiano Bibokoboko. Barua ya shirika inasema: transport à charge des participants. Neno hilo nalijua. Charge ni mzigo. Kwa hiyo litakuja gari la mizigo kutuchukua. Espérance anasema maana yake kila mtu ajisafirishe mwenyewe; amenikumbusha kwamba hata mixte niliijua, kwamba gari halijapanda huko tangu vita, na kwamba Gisaro ana sahihi yangu. Wivu wa uongozi mpya! Wameondoka alfajiri kwa miguu, timu nzima, Fabien kabeba nyavu. Espérance ametangulia mahali pangu. Mimi nimekipeleka kiti changu barabarani na kukaa. Sasa ni saa tisa alasiri. Nitakapowapita nikiwa juu ya gari, watajuta.