Somo la Saba Lirudiwe, Nami Nisihudhurie

Ayubu Hatibu,
Karani Mstaafu wa Masijala,
Chumbageni, Tanga.
Jumatano.

Ndugu Ernesti Safari,
Mkuu wa Chuo cha Kompyuta cha Upeo,
Tanga.

YAH: KUFUNDISHWA JAMBO NILILOAPA SITALIJUA

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wako wote, akiwemo Bi Anjela, ambaye namlalamikia hapa chini bila chuki yoyote.

Mimi ni yule mwanafunzi wa kofia ya viua aliyekaa karibu na dirisha katika mafunzo yenu ya siku kumi ya kompyuta kwa wastaafu. Nilihudhuria siku zote kumi. Cheti nimekipata na nimekitundika sebuleni. Sina ugomvi na siku tisa kati ya hizo. Ugomvi wangu ni siku ya saba, na naomba univumilie nikueleze tangu mwanzo, maana nilikaa masijala miaka thelathini na moja na sijapata kulisoma jalada kuanzia katikati.

Binti yangu Mboni ni muuguzi huko Mtwara. Tangu mama yake afariki nakaa peke yangu. Idi iliyopita alikuja na fundi, wakaweka kile kiboksi cha intaneti juu ya kabati la vyombo, akaniletea na kompyuta, ili kila Ijumaa baada ya alasiri tuonane uso kwa uso. Nenosiri la mtandao alilichagua mwenyewe na akaliandika mwenyewe kwenye kompyuta, mimi nikiwa uani natia udhu. Niliporudi akanieleza kwamba limeshahifadhiwa humo humo, nisihangaike nalo. Nami sikuhangaika. Kazini nilibeba majalada yenye mhuri wa SIRI mpaka mabega yakainama, wala sikufungua hata moja. Nikitazama kioo cha kompyuta niliona nukta kumi na sita, na nukta zilinitosha.

Sasa kuhusu kiapo. Siku ya pili ya Idi, Mboni aliwaunganisha wageni wetu waliotoka Mwera, simu tisa, kwa mkono wake. Yeye akaondoka, wageni wakabaki. Ijumaa ikafika, akapiga. Uso wake ukatokea, ukaganda mdomo ukiwa wazi, na ukabaki hivyo robo saa nzima huku wageni wakitazama mpira kwenye simu zao. Niliumia sana, Ndugu Mkuu. Nina mtoto mmoja tu. Siku ile nikaamua kwamba kila simu inayoingia kwenye kiboksi kile inamega kipande cha mwanangu.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mzee Nehemia, Mshambaa wa Lushoto, aliyestaafu kazi kwenye mashamba ya mkonge. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linalonikera. Mwezi mmoja baada ya Idi alikuja barazani kwangu tukiwa watu saba tunakula mihogo ya nazi, akaniomba paswedi. Alisema ana mjukuu amezaliwa Bukoba, hajamwona ila kwenye picha ya karatasi, na kwamba dakika kumi tu za Jumapili baada ya ibada zingemtosha. Nikaapa mbele ya wote: wallahi silijui, na sitalijua. Sehemu ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Sehemu ya pili niliiongeza kwa ajili ya uzito.

Miezi minane nimeishi ndani ya kiapo hicho kwa raha kabisa. Nikiulizwa sijui, na kweli sijui. Watu wachache sana wa umri wangu wanaweza kusema hivyo. Ndipo nikaja chuoni kwenu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba siku ya saba Bi Anjela, bila kuuliza kwanza kama kuna mwanafunzi aliyeapa jambo lolote, alituamuru tufungue mipangilio ya kompyuta tulizotoka nazo nyumbani, twende kwenye mtandao, tubonyeze jina la mtandao wa nyumbani, tufungue sifa zake, kisha tuweke alama ya vema kwenye kijisanduku kilichoandikwa kwamba herufi zionyeshwe. Hakutaja herufi zipi. Mimi ni mwanafunzi mtiifu, nikaweka vema. Nukta zote kumi na sita zikaondoka. Niliifunga kompyuta papo hapo kwa viganja viwili, lakini macho yaliyozoea kusoma vichwa vya majalada hayahitaji muda.

2. Kwamba Bi Anjela, aliponiona nimefunga kompyuta, alidhani nimemaliza kabla ya wenzangu, akanipigia makofi. Darasa zima likafuata. Sijapigiwa makofi tangu siku niliyoagwa kazini, na inasikitisha kwamba yamenijia tena saa ile ile kiapo changu kinavunjika.

3. Kwamba mashine yenyewe haina aibu. Masijala kwangu, hata mkuu wa idara alisaini daftari kabla ya kupewa jalada la siri, na mmoja alininunia wiki mbili kwa ajili hiyo. Mashine hii imekabidhiwa siri na binti yangu, ikakaa nayo miezi tisa, halafu ikanipa bila kuniuliza jina, cheo wala sababu. Ilitaka vema tu. Chuo kinachowafundisha watu chombo cha namna hii kingepaswa kubandika onyo mlangoni.

4. Kwamba nilikwenda kwa Shekhe Jumbe wa msikiti wetu kuuliza hukumu yangu. Akasema nimevunja kiapo, kafara yake ni kulisha maskini kumi, na nisipoweza nifunge siku tatu. Nikamfafanulia kwamba aliyekivunja ni chuo, mimi nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti. Akasema kafara ni ya mwenye kiapo. Namheshimu sana Shekhe Jumbe kwa elimu yake, ila ukweli ni kwamba hajasoma kompyuta.

5. Kwamba tangu siku hiyo situmii tena mlango wangu wa mbele. Mzee Nehemia hajaniuliza tena habari ya paswedi. Ananiamkia tu kila asubuhi na kuuliza nimelalaje, na mimi nasikia anauliza nenosiri. Kwa hiyo napitia uani kwa Bi Zuleha, ambaye anafuga bata mzinga mwenye kisirani, na kanzu yangu moja imeshatoboka. Jumapili iliyopita nilimwona Mzee Nehemia karudi kutoka kanisani, kakaa kizingitini na ile picha ya mjukuu, anaifuta vumbi kwa ncha ya shati. Niliingia ndani nikafunga dirisha. Joto la Tanga la mwezi huu unalijua. Naomba na joto hilo lihesabiwe humu.

6. Kwamba nimejaribu njia zote za heshima za kujinasua, na chuo kimeziba kila moja. Nikimwambia silijui, nitakuwa nimesema uongo, jambo ambalo kabla ya somo la saba halikuwezekana. Nikimtajia, mwanangu ataganda tena. Nilifikiria kulibadilisha, lakini mtu hawezi kulibadilisha nenosiri bila kulijua hilo jipya, kwa hiyo ningevunja kiapo mara ya pili. Nimejaribu kulisahau. Nalala nikitaja majina ya makatibu wote niliofanya nao kazi ili kichwa kijae, na bado linakuja lenyewe, hasa katika sala. Nenosiri hilo, kwa sababu ambazo sitazitaja, ni gumu kusahauliwa na mtu aliye katika hali yangu. Laiti lingekuwa tarakimu tupu.

Kwa hayo yote naomba chuo chako kichukue hatua, nami nimejitahidi zisiwe nzito.

Kwanza, somo la saba lirudiwe, nami nisihudhurie. Bi Anjela aandike kwenye daftari la mahudhurio kwamba sikuwapo, na itakuwa kweli. Siku hiyo nitakaa nyumbani kutwa na nitaleta mashahidi wawili.

Pili, cheti changu kiandikwe upya, kionyeshe mafunzo ya siku tisa. Hicho cha siku kumi nitakirudisha pamoja na msumari wake.

Tatu, chuo kianzishe mafunzo ya kusahau, kwa muda ule ule wa siku kumi, pamoja na mazoezi na mtihani. Niko tayari kuwa wa kwanza kujiandikisha, na nina hakika wako wastaafu wengi hapa mjini walioona mambo kazini na wangefurahi kuyaacha.

Nne, chuo kiwalishe wale maskini kumi. Iwe pilau ya nyama, kachumbari na ndizi, siku ya Jumamosi. Maskini nitawachagua mimi kwa kushauriana na Shekhe Jumbe, ili chuo kisipate usumbufu. Bi Anjela ndiye agawe sahani, kwa kuwa yeye ndiye aliyenionyesha.

Nisipopata majibu katika siku kumi na nne nitalazimika kulifikisha jambo hili serikali ya mtaa, kutoka hapo wilayani, na kutoka wilayani kwa mamlaka yoyote itakayoonekana kuwa ndiyo inayosimamia nukta.

Nisalimie walimu wote. Msalimie mlinzi aliyekuwa akinitunzia baiskeli, na mama wa chai, mwambie tangawizi yake siyo lawama. Msalimie pia Mama Consolata wa kiti cha nyuma yangu, ambaye mpaka siku ya kumi alikuwa bado anakisukuma kipanya kama pasi. Mwambie asikate tamaa, na asiweke vema popote.

Ni mimi, mwenye kujua pasipo kutaka,

Ayubu Hatibu.

NYONGEZA, Jumatatu.

Masijala kwetu, barua ya malalamiko ililazwa mezani siku kadhaa kabla ya kutumwa, na desturi hiyo sijaiacha. Katika siku ambazo hii imelala yametokea mambo ambayo sina budi kuyaingiza jaladani.

Ijumaa Mboni alipiga. Nilimsimulia yote, nikitarajia awakasirikie. Alicheka mpaka akaiweka simu chini, nikawa naona dari ya hospitali tu. Aliporudi alikuwa hacheki tena. Akanieleza kwamba neno lile alilichagua makusudi. Alijua majirani wataliomba, akataka kila wakiliomba nilitamke kwa kinywa changu mwenyewe, kwa sababu tangu mama yake aondoke nyumba hii imekuwa kimya mno, na kimya hicho anakisikia mpaka Mtwara. Hakufikiri kwamba sitalitazama. Miezi tisa yote alikuwa akidhani baraza yangu imejaa watu. Nilikuwa nimelilinda neno lile kwa ajili ya uso wake, na uso wenyewe ukawa unanitazama kwa huruma, bila kuganda hata kidogo.

Jumamosi nililisha maskini kumi, nikapika mwenyewe. Sufuria yangu ilikuwa ndogo. Mzee Nehemia alinisikia kupitia ukutani ninavyohangaika, akaleta yake kubwa pamoja na mwiko wake, imeshaoshwa, akarudi kwake bila kuuliza neno. Niliona haya mpaka pilau ikashika chini.

Jumapili baada ya ibada nilitoka kwa mlango wa mbele, nikaenda kwake, nikamweleza kwamba sasa nalijua. Nikamtajia. Akapiga Bukoba. Mjukuu wake akatokea, akapiga miayo, na picha ikaganda hapo hapo. Nilinyanyuka haraka kwenda kukizima na kukiwasha kile kiboksi. Mzee Nehemia akanishika mkono, akaniomba tuiache vile vile. Tukakaa, tukaitazama robo saa.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, malalamiko namba moja mpaka namba sita yafutwe yote, na somo la saba lisirudiwe, au likirudiwa nami niwepo. Cheti kibaki cha siku kumi. Yale makofi ya Bi Anjela nimeyapokea.

Mfikishie salamu zangu, na Ijumaa mje naye nyumbani. Mtawakuta watu wengi barazani, lakini nafasi ipo, na simu zenu zitaingia bila taabu. Nenosiri ni karibunimajirani, herufi ndogo zote, bila nafasi katikati.