Jiwe la Sebuleni

Jumatatu, 8 Julai
Nyumba yangu imeegemea jiwe. Ukuta wa nyuma wa sebule ni jiwe lenyewe, kubwa kuliko trekta. Nikipiga kofi moja, linanirudishia matatu. Okomo, jirani yangu na mwimbaji wa besi, amesikiliza spika zangu mpya akasema kwamba, mzee mwenzangu, sebule hii inaimba kabla ya kwaya. Jumapili kwaya itasikilizia rekodi yake hapa. Isiporidhika, itahamia kwa Okomo moja kwa moja. Haitahamia.

Jumanne, 9 Julai
Nimepiga kwenye spika mlio wa kupimia sauti, kutoka kwenye simu. Unaanza na mngurumo, unapanda hadi mluzi. Bata wa Okomo walijibu. Matokeo: mwangwi umezidi, na besi inapotea mahali pamoja tu. Kwenye kiti changu! Mahali bora kuliko pote ni kwenye kigoda cha mke wangu, Teodora, mlangoni mwa jikoni. Aliendelea kuchambua mchele, akasema kwamba analijua hilo tangu mwaka juzi, na kwamba kiti kina miguu, kisogezwe. Kiti cha baba hakisogezwi. Nitasogeza vingine.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeazima magunia manane ya pamba kwa shemeji Masalu wa Kisesa. Nimeyapanga mbele ya jiwe hadi darini. Mwangwi umekwisha. Sebule nayo imekwisha. Teodora aliuliza kama wanakwaya ishirini watasikilizia juu ya bati.

Ijumaa, 12 Julai
Kuku ametaga katika gunia la tatu. Kisha akatetea kwa kelele. Hana shukrani kwa kimya nilichokileta.

Jumamosi, 13 Julai
Masalu amechukua pamba yake. Mizani ya ununuzi wa pamba imefunguliwa, naye anauza. Nimepiga kofi. Matatu.

Jumapili, 14 Julai
Walikuja ishirini na wawili, na vitenge vyao, na watoto mgongoni, wakabanana hadi kwenye jiwe. Okomo nilimkalisha kwenye kiti changu, kwa heshima. Mimi nilichukua kigoda. Nikawasha. Sauti safi, kila neno mahali pake! Okomo peke yake aliuliza besi yake imekwenda wapi. Walicheka hadi machozi. Wameamua kuja kwangu kila Jumapili.
Teodora alininong'oneza kwamba watu hao ndio pamba.
Walipoondoka nilipiga kofi. Matatu. Nimetafakari kwa makini na sababu ni dhahiri: magunia yalikuwa machache. Nimemwagiza Masalu kumi na sita. Nayaandika haya nikiwa kwenye kiti changu. Besi siisikii, lakini itazoea.