Uchumi Waingia Chumba cha Cherehani

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu kaja likizo. Chuo kikuu! Mtoto wa tumbo langu, mimi niliyeishia darasa la saba. Anasoma historia ya fikra za uchumi, yaani wazee wa kale walifikiri nini kuhusu mali. Nimewaambia majirani wote, hata wasiouliza. Kanisimulia mzee mmoja aliyeandika habari za kiwanda cha pini: kila mtu na kipande chake tu, pini zinamwagika kama mvua. Nikainuka hapohapo. Nina oda ya majoho ya kwaya, yavaliwe Jumapili. Fundi wa ng'ambo ya barabara anaimezea mate oda hiyo, yeye na cherehani yake inayokohoa. Binti akasema ningoje, hajamaliza. Nikamwambia wanaongoja mwisho wa hadithi hula makombo.

Jumanne
Nimegawa kazi. Mdogo wangu, viwiliwili. Wifi yangu, mikono tu. Mimi, kusimamia. Wifi kanuna, anataka kuona joho zima likoje. La nini? Nikavuka barabara kumjulisha fundi kwamba kushona joho zima peke yako ni ushamba wa kale. Akatoa uzi mdomoni, akanipongeza.

Alhamisi
Mikono imejaa kikapu! Fundi bado anahangaika na kola moja. Nimemhurumia. Uongo, sikumhurumia.

Jumamosi
Balaa. Tumeunganisha vipande. Mikono yote ni ya kushoto! Wifi kakata kwa karatasi ileile, upande uleule, hakuigeuza hata mara moja. Nikamuuliza macho kapewa ya nini.

“Wifi, uliniambia mikono,” akasema. “Hukuniambia watu.”

Mwalimu wa kwaya akajaribu joho moja. Bega la kulia likamkaba, mkono ukabaki umeinuka kama anayesimamisha gari. Akakusanya kila kitu, vitambaa na vipande, akavuka barabara. Fundi akavipokea bila hata kucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili
Wanasema kwaya imeimba vizuri. Sikusikia, nilikuwa nakagua mishono ya fundi, aliyekesha usiku kucha. Imenyooka, kwa bahati mbaya. Nyumbani binti ananiambia mzee yuleyule, mbele huko kwenye kitabu, alionya kwamba anayefanya jambo moja tu maisha yake yote akili hudumaa. Nikamuuliza kwa nini hakuanzia hapo.

“Mama, ulikuwa umeshafika ng'ambo ya barabara.”

Ujuvi huo kautoa kwa baba yake.

Jumatatu, 11 Machi
Binti anafunga mizigo. Kanisimulia mzee mwingine: hata anayeweza kila kitu, heri ashike lile analowazidi zaidi wenzake, mengine awaachie. Sasa huyu ndiye mzee! Huyu alijua watu. Binti akaniomba nikae, eti kuna sehemu ya pili. Nimeshavaa viatu. Naenda kumweleza fundi habari njema: yeye atashona, mimi nitamsimamia.