Mlango wa Dharura

Jumatatu, 3 Machi
Neema imenishukia! Kampuni ya ng'ambo yenye kiwanda cha sabuni inatafuta fundi wa hapa hapa wa kuishonea aproni. Nimeomba. Nimeandika kwamba nina karakana kubwa, wafanyakazi tele na milango miwili. Ukweli: chumba kimoja, cherehani mbili, mimi na mke wangu. Mlango mmoja. Mke wangu kasoma, kaguna. Fundi wa mtaa wa pili naye kaomba, kakiri ana cherehani moja tu. Zuzu!

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mkaguzi wao anakuja keshokutwa. Anataka kuuona mlango wa dharura, ule wa kutokea moto ukiwaka. Jirani yangu mwashi kajitolea kuutoboa ukuta, siku moja kazi imekwisha. Nimekataa. Vumbi lote hilo la nini? Nimemwita mchora mabango, kanichorea mlango ukutani, bawaba na kila kitu. Maridadi kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaza ndugu chumbani, wote wafanyakazi. Niliwaonya kuhusu mlango, isipokuwa mama mkwe, aliyechelewa kufika. Mkaguzi, mama mpole wa miwani, kasifu usafi. Nikaanza kuvimba kichwa. Mara kapuliza filimbi, eti moto, tokeni! Ndugu wakatokea mbele. Mama mkwe, mtu wa kufuata maelekezo, akaukimbilia mlango wa dharura. Kishindo! Nilitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi akamwinua, akaupapasa ukuta, akaniuliza mlango unafungukia wapi. Nikasema umekwama.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe ana nundu, hasemi nami. Fundi wa mtaa wa pili kapewa nusu ya kazi. Yule zuzu! Nusu iliyobaki bado inaningoja: mkaguzi anarudi Jumatatu. Kasema cherehani mbili zinatosha kabisa, anachotaka ni mlango tu. Mke wangu kaniambia taratibu, "Mume wangu, tukiikosa hii, mimi naenda kushona kwa mwenzako." Hakuwa anatania. Nimeogopa kweli.

Jumapili, 9 Machi
Mwashi kaja asubuhi na nyundo yake. Nimemshukuru, nimemrudisha. Nimekaa nikajichunguza kwa unyenyekevu, na kosa langu nimeliona. Mlango haukuwa na kitasa! Nimenunua cha shaba, nimekigongomea ukutani. Kazi safi. Jioni hii hata mimi nilijisahau, nikauvuta nitoke.