Kasi Yangu Imeibwa

Jumatatu, 9 Juni
Leo nyota imeniwakia! Bi Mwanne, mwenye jengo letu hapa Kariakoo, alipita koridoni. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, asije akaikosa. Akasema fremu ya duka ya mbele, ile inayotazama barabara, inabaki wazi. Atampa yeyote atakayemletea kipande cha mwisho cha tamthilia yake ya Kituruki kabla wanawake wa upatu hawajakutana kwake Magomeni, Jumamosi. Ameshawaahidi. Mimi ndiye ninayewawekea watu muvi kwenye flashi, nimeozea huku ndani ambako hata mwizi hafiki. Fremu ni yangu! Tatizo ni Hamood, jirani yangu wa ukuta, naye anauza muvi. Alisimama pale pale akitabasamu. Simwamini mtu wa kutabasamu bila sababu.

Jumanne, 10 Juni
Nimelipata faili! Huko mtandaoni watu wanagawana: mwenye nacho anampa asiye nacho, kidogo kidogo. Lakini linakuja kwa mwendo wa kinyonga. Ajabu, video za kawaida zinapaa. Nikamwita Shukuru, fundi simu wa chini. Akasema ndio mchezo wa kampuni za mtandao: wakiona mnagawana mafaili, wanakubana kasi makusudi. Nikakaa chini kwa mshtuko. Kubanwa! Mimi! Na nimelipia kifurushi kisicho na kikomo!

Jumatano, 11 Juni
Nimewavaa ofisini kwao. Dada wa kaunta, Violeth, akanisikiliza kwa adabu inayoudhi. Akakiri! Tena bila haya! Eti kifurushi hakina kikomo, ila kasi ya kugawana mafaili wanaipunguza ili na wengine wapate. Wengine ndio akina nani? Nikauliza haki ya mteja iko wapi. Akasema iko kwenye masharti niliyoyakubali. Nani anasoma masharti? Nikatangaza kwa sauti kwamba muuza maji hawezi kumpangia mnunuzi aoge au apikie. Foleni nzima ikanipigia makofi. Kisha mlinzi akanionyesha mlango.

Alhamisi, 12 Juni
Faili limebakiza kidogo sana. Nikatumia akili. Waifai ya koridoni ni yangu, majirani wote wananunua kwangu, nami nimewaahidi haina kikomo. Nikafungua ruta nione nani anakula sana. Hamood! Mchana kutwa! Nikambana, akabaki na cha kusomea meseji tu. Hii si kama ya kampuni. Kampuni wanabana kwa roho mbaya, mimi nabana kwa mipango. Jioni akaja kuuliza kwa upole kama mtandao una shida. Nikamwambia ni kampuni. Akanipa pole, akaniachia na kashata. Nimeila yote.

Ijumaa, 13 Juni
Faili limesimama kabisa! Limeganda! Kampuni wamelipa kisasi. Baada ya swala nikahutubia koridoni kuhusu haki zetu za kasi. Theopista wa vitenge akafunga duka kwa hasira. Tukakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu hadi ofisini kwao, Hamood mbele, kabeba bango langu. Violeth akapima laini mbele ya umati. Akasema imepunguzwa vilevile kama mwanzo, haijafungwa, labda tukaitazame ruta yetu. Macho yote yakanigeukia. Nikasema nina mgonjwa Jangwani, nikaondoka.

Jumamosi, 14 Juni
Mama yangu! Asubuhi Shukuru kaikagua kompyuta yangu. Kasema duniani kote amebaki mtu mmoja tu mwenye kile kisehemu ninachokisubiri, na ndiye aliyekuwa akinigawia. Akanisomea jina lake. Hamood! Hamood wa ukutani! Analo faili tangu Jumatatu, kaliacha wazi watu wachukue. Kumbe nilipombana yeye, nilijikaba koo mwenyewe. Nikamkimbilia. Kafunga, kaenda Magomeni na flashi. Theopista akaniambia Hamood alikuwa kaniachia mimi, kwa kuwa aliona nimeitamani fremu kuliko yeye. Leo alipoona sijapeleka kitu, akaogopa Bi Mwanne asije akaaibika mbele ya wageni. Mchana habari zikafika: wanawake wamelia, wameshangilia, na fremu imepata mwenyewe. Imeniuma sana. Nimelia kidogo nyuma ya kompyuta.

Jumapili, 15 Juni
Hamood anahamia mbele, ila waifai bado anachukua kwangu. Alipita kuniaga, akasema tamthilia mpya imetoka, analo faili zima, ameliacha wazi, nilichukue kwake. Tena bure! Nikamshukuru, huku moyoni nacheka. Mtego wa kitoto! Mtu hakupi kitu bila kukutaka kitu. Alipogeuka tu nikafungua ruta nikambana, safari hii na Theopista na korido nzima, ili kasi yote ije kwangu. Nimeanza kupakua. Halisogei. Nimezima, nimewasha. Halisogei hata chembe! Siamini macho yangu. Yaani hawa kampuni hata Jumapili hawapumziki?